Matroni na Ndege ya Bwana Msingi

Kwa miaka yote niliyouza rangi, bati na misumari Kibondo, watu wa mji ule walikubaliana jambo moja tu: kwamba mdomo wa Matroni ndio uliomfukuza mumewe. Mvua waliibishania, mpira waliubishania, hata njia ya mkato ya kwenda sokoni waliibishania, lakini hilo hapana. Wanakwaya walilijua. Madereva wa bodaboda walilijua. Wateja wangu waliotoka vijijini kununua bati, watu ambao hawajawahi hata kumwona, nao walilijua. Naandika habari zake nikiwa na hasira, na sitaomba radhi. Anayetaka sifa tupu za marehemu akazitafute kwingine, na isitoshe Matroni hajafa.

Jina analo, ila sikumbuki mtu aliyelitumia. Alikuwa Matroni wodini, akastaafu akabaki Matroni, na hata mumewe alimwita Matroni, tena kwa sauti ya mgonjwa aliyeona sindano. Mimi aliniita Binti Ujiji, kwa kuwa baba yangu alitoka Ujiji kuja kufungua duka letu, ingawa mimi nimezaliwa Kibondo na Ujiji nakwenda kwenye harusi tu. Nyumba yake na duka langu vilitenganishwa na ua wa minyaa. Nilichokuwa sitaki kusikia nilikisikia.

Akija dukani hakuwa anasalimia, alikuwa anakagua. Kopo la rangi lililowekwa kichwa chini alilisimamisha. Mteja akimwamkia "Mwakeye, Matroni," yeye alijibu "Mwakeye. Na hicho kidonda cha mguuni unakilea mpaka kiende shule?" Mtu alikuja kununua bawaba akaondoka anakwenda kusafishwa kidonda. Nilipoteza wateja kwa sababu yake, na nilipomwambia hivyo alinijibu kwamba mteja mwenye mguu uliooza hatarudi kununua kitu kwa vyovyote vile.

Sitamsafisha. Mtoto wangu wa kwanza alimpokea yeye, na alinifokea kiasi kwamba nilimchukia mpaka mtoto akaanza kutembea. Nilikuwa nalia nikimwita mama yangu. Akaniinamia akasema, "Unamwita wa nini? Yuko nje, analia kuliko wewe. Sukuma!" Zamu yake ilikuwa imekwisha mchana. Hakuvua sare, hakula, hakukaa, mpaka jioni mtoto alipolia. Miaka baadaye nilimwambia kwamba maneno yake yaliniuma. Akasema, "Ulikuwa umeacha kusukuma." Hiyo ndiyo radhi niliyopewa, na mpaka leo sijaamua kama inatosha.

Alikuwa na vituko vyake. Alikataza watu kula njiani, akisema ni kumwaga adabu barabarani, lakini ndani ya mkoba wake hapakukosekana muhindi wa kuchoma uliofungwa kwenye gazeti. Machozi aliyadharau. Ila msibani ungemkuta jikoni anakata vitunguu, anakata tu, beseni linajaa, mpaka wapishi wanamwambia Matroni vimetosha, na yeye anaendelea. Alichukia mtu anayeanza kazi kabla ya kunawa mikono. Alichukia milango inayolia. Kuliko vyote alichukia kitu kilichoachwa nusu, na Mungu, ambaye ana utani wake, akampa mume yule.

Mji ulimwita Bwana Msingi. Alikuwa afisa usafirishaji, mtu mpole, shati limenyooshwa, kila mtu rafiki yake. Aliitwa hivyo kwa sababu alianzisha kila kitu. Alichimba msingi wa nyumba mpya nyuma ya ile waliyoishi, akajenga kozi chache za tofali, akaacha. Alichimba bwawa la samaki juu ya kilima, mahali ambapo maji yenyewe yangekataa kupanda. Alinunua mizinga ya nyuki akaitundika karibu na zizi la mbuzi la jirani, na mbuzi wale waliishia barabara ya Nyakanazi. Ukimuuliza imekuwaje, alikuwa na jibu moja, na alilitoa kwa upole uliokufanya umhurumie: "Ningemaliza. Lakini mtu hawezi kumaliza kitu akifokewa mgongoni." Na watu wakatikisa vichwa. Masikini, na mdomo ule!

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Nilikuwa ng'ambo ya ule ua. Nilijua kwamba Matroni alifoka, sana. Lakini nilijua pia kwamba alianza kufoka baada ya mbuzi kukimbia, si kabla. Nilipowaambia watu hivyo, walinijibu kwamba mwanamke humtetea mwanamke mwenzake.

Ndege ilikuja wakati watu wa mashirika walipokuwa wanafunga baadhi ya ofisi zao za kambi ya wakimbizi. Mzungu mmoja, akigawa vitu asivyoweza kusafiri navyo, alimpa Bwana Msingi boksi la ndege ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, vipande vidogo vidogo vilivyoshikana kwenye fremu kama maharage kwenye ganda. Ilikuwa ndege ya injini mbili, mabawa yamekaa juu ya mgongo, aina ile inayoweza kutua kwenye uwanja wa changarawe kama wa kwetu. Kwenye picha ya boksi ilikuwa na rangi ya madoadoa ya kijeshi. Ndani mlikuwa na karatasi ya maelekezo, michoro mitupu, hata asiyejua kusoma angefuata.

Bwana Msingi hakuifungua karatasi ile. Alisema yeye amesimamia magari maisha yake yote, ndege ni gari lenye mabawa. Alikaa barazani Jumapili mbele ya marafiki zake akaanza. Aliunganisha kwa gundi ya fundi viatu, ile ya njano inayovutika kama ute, na ilipokataa kushika akaongeza supagluu juu yake. Nusu mbili za mwili wa ndege zikakutana kombo, moja mbele moja nyuma, kama mtu aliyefunga vifungo vya shati vibaya. Bawa la kushoto akaliweka kulia. Moshi wa supagluu ukapofusha vioo vya rubani vikawa vyeupe. Na kabla ya kufunga mwili, maelekezo yalitaka uzito uwekwe ndani ya pua, la sivyo ndege haisimami kwenye magurudumu yake. Uzito hakuweka. Alipoiweka mezani, ndege ikainua pua juu, ikakaa kitako. Marafiki wakacheka. Bwana Msingi akachukua brashi ya kupakia nyumba, akaipaka rangi ya kijani ya milango, nzito, inachuruzika, ili kufunika aibu.

Matroni akatoka ndani akaona. Sitaficha, alifoka. Nilisikia mpaka mwisho wa duka. Mumewe akaweka brashi chini taratibu, akawageukia marafiki akasema, "Mmeona wenyewe?"

Na wakaona. Hicho ndicho walichokiona na ndicho walichokisimulia: mke anamfokea mume juu ya mdoli wa plastiki. Kitako cha ndege hakikusimuliwa na mtu.

Kakonko ilipokuwa wilaya, Bwana Msingi alihamishiwa huko. Mwanzoni alirudi kila mwisho wa wiki, kisha kila mwisho wa mwezi, kisha tukasikia kuna mama mwingine na kuna mtoto. Hapakuwa na talaka, hapakuwa na kikao. Alimwacha Matroni kama alivyoliacha bwawa. Na mji ukasema, mliona tulichosema? Usitupe mbachao kwa msala upitao, ndivyo watu husema kumsema mwanaume anayeacha mke. Kwa Bwana Msingi hawakuitumia methali hiyo. Kwake walisema mtu ana haki ya kutafuta kimya.

Matroni aliapa kutomtaja tena mumewe. Alimaliza. Sijui neno jingine la kueleza miaka ile. Alimleta fundi, akasimama nyuma yake akimfokea kuanzia kozi ya kwanza mpaka linta, na fundi yule akamaliza, tena kwa wakati, na alipoondoka alimwachia Matroni mkungu wa ndizi. Bwawa akalifukia akapanda migomba. Mizinga akaipeleka pembeni ya pori akaanza kuvuna asali. Nyumba akaipaka kama tunavyopaka kila jengo la maana huku kwetu: chini, kuanzia ardhini mpaka usawa wa madirisha, rangi ya mafuta ya damu ya mzee, kwa sababu mvua ikinyesha udongo mwekundu unaruka ukutani, juu rangi ya krimu, na katikati mstari mweusi mwembamba. Rangi zote alinunua kwangu na zote alizikagua kwa kuchovya kijiti.

Vyote vilipokwisha ikabaki ndege. Ilikuwa juu ya kabati, imekaa kitako, inamtazama.

Mimi nilimshauri aitupe. Binti yake aliyeolewa Kasulu alimwambia aiweke hivyohivyo, kumbukumbu ya baba. Matroni alisema kumbukumbu ya uzembe haiwekwi kabatini kwake. Siku ya kwanza alikuja dukani kununua tina ya kuondolea rangi. Kesho yake alirudi anawaka moto. "Umeniuzia tina inayokula plastiki!" Ncha ya bawa ilikuwa imeyeyuka kama mshumaa. Nikamwambia tina ni tina, Matroni, mimi nauza kwa watu wa milango. Akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Ni kweli. Nilikurupuka." Halafu, kwa sauti ya chini, "Kama yeye."

Kuanzia hapo hakukurupuka tena. Alikumbuka kwamba zamani dereva wa gari la wagonjwa aliwahi kumwaga oili ya breki kwenye boneti, na rangi ikabanduka kama ngozi ya kuungua. Akajaribu kwenye kipande cha fremu, plastiki ikabaki salama. Akaiogesha ndege nzima kwenye beseni la oili ya breki, amevaa glavu, anasugua kwa mswaki. Kijani chote kikatoka. Kuhusu supagluu, alikuwa amegundua zamani kwamba lebo alizozibandika kwa supagluu ndani ya friji la chanjo zilikuwa zinadondoka zenyewe. Baridi inaifanya gundi ile iwe kavu na kuvunjika. Basi akaja na ndege kwangu, akafungua friza ninalouzia barafu dukani, akasukuma chupa za maji pembeni akailaza. Wateja walikuwa wanachukua barafu wanakuta mkia. Alipoitoa, akapitisha kisu chembamba cha upasuaji kwenye maungio, akabonyeza kidogo tu, mabawa yakatoka moja baada ya jingine, tak, tak. Mwili aliutengua kwa koleo la kidonda na sindano ya spiriti, siku nyingi, kipande kwa kipande, na wakati wote huo alikuwa anamtukana mumewe.

Nataka hilo lieleweke. Alikuwa ameapa kutomtaja, na hakuna sentensi aliyoisema kwenye kazi ile ambayo mumewe hakuwamo. "Tazama hapa, aliona haikai, akabonyeza. Mtu mzima! Kitu hakikai, unabonyeza?" Nilikaa naye barazani mchana duka likiwa tupu, nikaona vidole vile vilivyonifinya wodini vikishika gurudumu dogo kama punje ya mtama, havitetemeki. Puani hakuweka mawe wala misumari. Alichukua kwangu goroli za baiskeli, akaziingiza moja moja, kila moja na tone la gundi ili isigonge, akijaribisha, akitoa, akirudisha, mpaka ndege ikaacha kukaa kitako ikasimama kwa miguu yake mitatu. Vioo akavisugua kwa dawa ya meno mpaka vikaona. Ncha iliyoyeyuka akaijenga upya kwa vipande vya fremu. Ukiona vyaelea vimeundwa. Mimi niliona vikiundwa.

Siku moja katikati ya kazi aliweka koleo chini. "Binti Ujiji," akasema. "Wewe ulikuwa unasikia yote. Ni mdomo wangu?"

"Mdomo wako ni mkali, Matroni."

"Sikuuliza kama ni mkali. Nauliza kama angeweza. Kama ningenyamaza, angeweza kumaliza hata kimoja?"

Kibondo hakuna aliyewahi kumwona mwanaume yule akianza kitu cha mikono yake mahali ambapo Matroni hayupo. Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa. "Hata mimi sijui. Na watu wote wanajua." Akaokota koleo lake. Nilikasirika siku ile kiasi kwamba nilirudi dukani nikamjibu mteja vibaya bila sababu. Mwanamke amezalisha nusu ya mji, na mji umemfanya aulize swali hilo barazani kwake kama mshitakiwa.

Ya rangi yaliwachekesha watu. Walitegemea madoadoa ya kijeshi, au nyeupe kama ndege za mashirika. Matroni alifunga plasta ya hospitali kuzunguka mwili wote, imenyooka kama imepigwa rula, akaipaka kama nyumba: tumbo, magurudumu na sehemu ya chini ya injini damu ya mzee, juu kuanzia usawa wa vioo krimu, na katikati mstari mweusi. Mtu mmoja akamwambia, Matroni, hakuna ndege duniani iliyopakwa hivyo. Akajibu, "Hao wa duniani hawatui Kibondo masika. Inatua kwenye tope, tope linaruka tumboni. Unapaka krimu tumboni ili nani afue?" Nilicheka, kisha nikaitazama vizuri nikaacha kucheka. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa kama jengo la serikali limeamua kuondoka zake. Aliiweka juu ya kabati, pua mbele, na alipopita aliigusa bawa kidogo kwa kidole, akidhani hakuna anayemwona.

Kisha wakaja kusuluhisha.

Bwana Msingi alikuwa amestaafu, na yule mama wa Kakonko alikuwa amemfungia mlango. Alikuja na mzee wa kanisa, alasiri, wamevaa makoti. Matroni aliniita nikae kama jirani, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango na hijabu yangu na hasira zangu.

"Mama, tumekuja kwa amani," mzee wa kanisa akaanza. "Mzee amechoka. Mtu kwao ni kwao, na nyumba hii aliijenga yeye."

"Alijenga msingi, baba. Wewe umeshawahi kulala kwenye msingi?"

"Mvumilivu hula mbivu, mama."

"Mbivu zipi, mzee wangu? Mimi nimekula mbichi mpaka meno yamekufa ganzi."

Mzee wa kanisa akamgeukia mwenzake. Bwana Msingi akakohoa, akasema kwa ule upole wake, "Matroni, mimi sikushindwa kwa kupenda. Kelele. Mtu hawezi kushika kitu akifokewa mgongoni. Sasa nimezeeka, nataka utulivu tu. Kama utapunguza mdomo, mimi nitarudi."

Atarudi! Yeye ndiye aliyekuwa anatoa masharti. Nilishika kikombe changu cha chai kwa mikono miwili ili kisiruke. Na kabla Matroni hajajibu, mwanaume yule akainua macho akaona kabati, uso wake ukang'aa.

"Kumbe! Si ndege yangu ile? Ona ilivyopendeza! Mzee, hii niliianza mimi mwenyewe, pale barazani."

"Kumbe una mikono, mzee wangu," mzee wa kanisa akasema, akainuka kuiangalia.

Nilimtazama Matroni nikisubiri radi. Hakufoka. Na kutofoka kule kulinitisha kuliko chochote nilichowahi kusikia ng'ambo ya ua. Kisha akasimama, akaenda ndani, akarudi na kisanduku kikuukuu cha kubebea chanjo. Akaishusha ndege, akailaza kwenye pamba, akaifunika kwa pamba nyingine, akafunga kifuniko, akamwekea mumewe mapajani.

"Chukua. Uliianza, nimekumalizia. Kule hakuna wa kukufokea."

"Na mimi mwenyewe?" akauliza Bwana Msingi.

"Wewe umesema kelele zinakuua. Mimi ni muuguzi. Siwezi kumlaza mgonjwa mahali panapomuua."

Mzee wa kanisa akasema maneno mengi, na mengine yalikuwa ya Biblia, lakini Matroni alikuwa ameshafungua mlango. Wakaondoka, mmoja na Biblia yake, mwingine na kisanduku amekikumbatia. Jioni ile ile mji ukawa umeshajua: amemfukuza tena. Mara hii ana hata shahidi, mzee wa kanisa. Walikuja kuniambia mimi dukani, mimi niliyekuwepo, jinsi alivyomfukuza. Nilimfukuza mmoja wao kwa ufagio. Basi wakasema ukali wa Matroni unaambukiza.

Baada ya hapo Matroni alipungua nguvu. Magoti yalimsumbua, akapangisha nyumba, akahamia kwa binti yake Kasulu. Alipoondoka hakuniaga vizuri. Aliniambia tu nisikubali wapangaji wapigilie misumari ukutani. Kabati alilichukua. Juu yake hapakuwa na kitu.

Mimi nilimwona Bwana Msingi tena kabla ya kumwona Matroni. Nilikwenda Kakonko kupeleka rangi kwa mteja aliyekuwa anamalizia nyumba za kupanga, na kwenye moja ya nyumba za jirani kulikuwa na mtu mlangoni ananipungia mkono. "Mama wa Kibondo! Karibu, karibu!" Niliingia kwa sababu jua lilikuwa kali na kwa sababu nilitaka kuiona ndege. Alipanga chumba kimoja, safi, dirisha moja. Alikuwa peke yake. Hapakuwa na redio wala mtoto wala kuku. Nilisikia saa ya ukutani.

Ndege ilikuwa mezani juu ya gazeti. Bawa moja lilikuwa la bluu, bluu ya madawati, nzito, imechuruzika na kukauka kwenye vioo, na unywele wa brashi umenasa juu yake. Bawa la pili bado lilikuwa krimu. Gurudumu moja lilikuwa limevunjika. Alikuwa ametoboa pua kwa msumari akatoa goroli, zilikuwa kwenye kisosi, kwa sababu, alinieleza, aliona ndege ni nzito mno kwa mbele. Ilikuwa imekaa kitako.

"Ile rangi haikuwa ya ndege," akasema, anatabasamu. "Nimeanza kuirekebisha."

"Lini utamaliza?"

"Ah, polepole. Haraka ya nini?"

"Na hapa nani anakusumbua, mzee?"

"Hakuna, mama. Hapa nina amani kabisa. Siku nzima hakuna anayenisemesha."

Nilisimama. Nilitaka kuipokonya ndege ile. Nilitaka kumwambia habari za mswaki na koleo na plasta iliyonyooka, lakini nilitoka bila kuaga. Njia nzima mpaka Kibondo nilikuwa naongea peke yangu, na dereva aliacha kuniuliza maswali.

Nilikwenda Kasulu wiki iliyofuata. Sikuwa na biashara huko. Nilimkuta Matroni barazani kwa binti yake, kwenye kiti chenye mto, mikono mapajani. "Karibu, mwanangu," akasema, kwa sauti ya chini, laini. Hajawahi kuniita mwanangu. Kuku akapita mbele yetu akaingia sebuleni na miguu ya tope, na Matroni akasema "shu," polepole, na kuku hakumsikia. Nikadhani ana kiharusi.

"Unaumwa, Matroni?"

"Siumwi. Nimepunguza mdomo." Akatazama mlango, akasogea. "Binti yangu ana mume, ni mtu mzuri. Sitaki waje waseme ya kwangu yamehamia huku. Nikitaka kusema kitu, nahesabu pumzi kama mzazi mwenye uchungu. Inapita."

Sikuweza kuvumilia. Nilimweleza yote, hata ambayo ningeweza kumficha: bluu ya madawati, unywele wa brashi, gurudumu, goroli kwenye kisosi. Nilimwona anaumia kwa kila moja, kwa maana kila moja aliijua kwa vidole. Nilipomaliza, hakuuliza habari za bawa wala za vioo.

"Kulikuwa na mtu anamfokea?"

"Hapana."

"Yule mama mwingine?"

"Alishamfungia mlango, Matroni. Anakaa peke yake. Palikuwa kimya mpaka nasikia saa."

"Siku nyingi amekaa hivyo? Kimya?"

"Tangu ulipompa ile ndege. Aliniambia mwenyewe ana amani kabisa."

Alitazama mikono yake, akaigeuza, akatazama viganja. Nikafikiri sasa, kwa mara ya kwanza, nitamwona Matroni akilia bila kitunguu.

"Basi haikuwa mdomo wangu," akasema.

"Haikuwa."

"Miaka yote hii."

"Miaka yote hii, Matroni."

Akavuta pumzi ndefu, kifua kikapanda. Kisha akageuza shingo kuelekea mlangoni na kutoa sauti ambayo sijaisikia tangu ahame Kibondo, sauti ya wodi ya wazazi, kuku akatoka sebuleni anaruka na jirani akachungulia juu ya ua. "Hiyo chai mnaichemsha au mnangoja ijichemshe? Mgeni ametoka Kibondo! Na nani ameacha mlango wazi kuku wanapanda viti?"

"Inakuja, mama!" binti yake akaitikia kutoka jikoni.

Nyuma ya nyumba mkwewe alikuwa anapasua kuni. Shoka likasimama. "Afadhali," tukamsikia akimwambia mkewe kupitia dirisha la jikoni. "Mimi nilikuwa nadhani mama anaumwa."

Chai ilipokuja haikuwa na sukari, na hilo nalo alilisema.